Nimekuombea, Mama

Kahongya, binti wa jirani yetu Mama Kyakimwa wa Mulekera, pale Beni, alipata kazi ambayo wengi wetu tungeipigania: kazi ya kukaa. Alikaa Butembo, Kimemi, katika nyumba mpya iliyokuwa bado inanuka rangi, blanketi magotini kwa sababu ya baridi ya kule, simu mkononi. Kazi yake ilikuwa kuwa sauti ya Maman Bénite.

Maman Bénite ni mwimbaji wa nyimbo za Mungu. Watu walimwandikia kwenye ukurasa wake wa Facebook mambo ambayo hata padri hawamwambii: homa isiyokatika, mimba zinazotoka, mume aliyekwenda machimboni akanyamaza. Na alijibu kila mtu kwa vocal, ujumbe wa sauti. "Shalom, mupendwa. Ni Bénite wenu. Nimekuombea." Watu walilia kwa furaha. Waliweka simu karibu na sikio la mgonjwa ili naye asikie.

Kumbe Maman Bénite alikuwa Kinshasa na mambo yake, na koo lililokuwa likisema ni la Kahongya. Zilifanana sauti, basi. Kuhusu kuomba, hakuna aliyeomba. Siku za mwanzo binti aliuliza kwa simu:

"Mais Maman, bale bantu bote, nani anabaombeaka?"

"Kahongya, bantu banataka tu kusikia sauti," Maman Bénite akamjibu. "Kama nakamata kila mutu na jina yake, nitaimba saa ngapi? Sema tu. Mungu anajua."

Kahongya alikulia kanisani. Alijua fika kwamba jambo lile linanuka. Lakini alizoea, na mwisho akawa anasema "nimekuombea" huku anamenya viazi.

Alasiri moja ukungu ulishuka mapema. Alipotoka kumwaga maji akamkuta mwanamke ameketi kwenye benchi la uani, kitenge kimefunika mabega. Lango lilikuwa limefungwa.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Uliniambiaka umeniombea," mwanamke akanong'ona.

Kahongya hakuijua sura ile. Sauti aliijua. Kila neno lilitanguliwa na mluzi mdogo wa kifua, na mluzi ule aliusikia kwa majuma mengi kwenye vocal zilizotumwa kuomba maombi. Ilikuwa sauti ya Rébecca wa Bungulu, mgonjwa wa mapafu.

"Niko nangoja," mwanamke akasema. "Ile maombi haikufika."

Binti aliingia ndani haraka, akaandika kwenye akaunti ya Rébecca kuuliza hali yake. Dada yake akajibu. Rébecca walikuwa wamekwisha kumzika, na dada alishukuru sana kwa maombi ya Maman Bénite.

Kahongya akachungulia dirishani. Mwanamke alikuwa bado pale. Kando yake sasa aliketi mzee mmoja, na alipokohoa, Kahongya akamjua naye.

Kulipokucha benchi lilijaa. Baadaye wakakaa chini, kimya, kama watu waliokuja matangani. Jirani aliingia kuomba chumvi, akapita katikati yao bila kugusa hata ncha ya kitenge. Akajikunyata.

"Vraiment, hapa kwako kuko baridi," alisema, akaenda zake.

Kahongya akafunga mkoba. Heri kazi ipotee, alijisemea, mimi narudi kwa mama. Hakuna aliyemzuia langoni. Barabarani akasimamisha motari, akafungua kinywa amwambie ampeleke kwenye gari za Beni.

"Shalom, mupendwa," kinywa kikasema. "Ni Bénite wenu."

Kijana wa pikipiki akapiga kelele za furaha. "Eh! Maman Bénite! Uniombee, Maman, mutoto yangu iko mu lopitali!"

"Nimekuombea."

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Watu walikwisha kumzunguka, wauza ndizi, wanafunzi, kila mmoja na shida yake, na kupitia vidole vyake sauti iliendelea kutoka tamu, nyororo. Nimekuombea. Nimekuombea. Aliona wazi kwamba kila hatua mbele ilikuwa inaongeza watu wa kuja kuketi uani. Akageuka akakimbia. Akajifungia chumbani kwa ufunguo.

Akampigia mama yake.

"Shalom, mupendwa. Ni Bénite wenu."

"Yesu wangu! Maman Bénite!" Mama Kyakimwa akaanza kulia. "Mutoto yangu Kahongya iko kwako? Hapokee tena telefone. Roho inaniuma. Uniombee arudie ku nyumba."

Ni mimi, mama. Ni mimi. Alilisukuma neno lile kwa nguvu zote za kifua chake.

"Nimekuombea, mama," sauti ikasema, na simu ikakatika.

Alijaribu kuandika. Vidole navyo viliandika Bénite wenu. Hapo ndipo Kahongya alipoogopa kweli. Wafu wale aliweza kuwavumilia. Lakini sasa alimwona mama yake siku moja kwenye benchi lile, amekunja mikono, anangoja ombi ambalo halikufika, na hatambui kwamba anayemtazama dirishani ni mwanawe.

Akapiga magoti. Akataka kuanza na mama yake. Jina halikutoka.

Nje ya dirisha mtu alinong'ona. "Sisi njo tulikuja mbele ya mama yako."

Basi akaanza na Rébecca. Aliomba kweli, kwa jina lake na mapafu yake, mpaka machozi yakamtoka. Uani Rébecca akasimama. Akajifunga kitenge vizuri. Akaondoka.

Inawezekana! Kahongya alicheka kwa sauti. Akamwombea mzee. Mzee akainuka. Akamwombea mwingine.

Simu ikawaka kitandani. Ombi jipya. Hakuigusa.

"Nimekuombea," simu ikasema, kwa sauti yake.

Ikawaka tena.

Mama Kyakimwa hakutulizwa na sauti ile ya simu. Alipanda gari na Éliakim, mwanawe mkubwa, wakafika Kimemi mchana. Uani hapakuwa na mtu. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa ndani, na Éliakim akauvunja kwa bega. Ndani walikuta mkoba, blanketi, na simu iliyozimika. Dirisha lina vyuma. Binti hakuwemo.

Kwenye simenti ya sakafu, mbele ya kitanda, palikuwa na mashimo mawili, kila moja kiasi cha goti. Yalikuwa laini, yamelika, kama mawe ya mtoni. Mwenye nyumba aliapa kwamba sakafu ile ilimwagwa mwaka huohuo.

Ameyaziba mara kadhaa. Simenti ikikauka, mashimo yanarudi, na yanazidi kwenda chini. Mama Kyakimwa hupanda Butembo kila anapopata nafasi, na mwenye nyumba humwachia ufunguo bila maneno. Anainama, anatia viganja vyake humo, kimoja huku na kimoja huku, anakaa hivyo hadi Éliakim amwite.

"Iko aje, mama?" Éliakim huuliza.

"Kungali moto," anasema.