Lenzi ya Bei Poa

Jua lilikuwa linazama nilipoingia dukani kwa fundi kamera. Kesho yake dada yangu anaolewa, na lenzi yangu ya kupigia ukumbini ilikuwa imedondoka mezani asubuhi ile ikapasuka, yenyewe, hakuna aliyeigusa. Miaka yote napiga harusi za watu, harusi ya kwetu ndiyo sina lenzi! Kinyozi hajinyoi, lakini mimi nilikuwa nimezidi.

Fundi alinipangia tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya kuvuta vya mbali, nzuri kwa nje, ila nilipoielekeza kwenye balbu nikaona kuvu imetambaa ndani ya kioo. Ya pili iliingiza mwanga kidogo mno; kwenye ukumbi wa taa hafifu ningerudi na picha za kiza. Ya tatu ilikuwa fupi, nyeusi, haina jina la kiwanda. Kioo safi. Inameza mwanga wote. Na ilikuwa ya baridi... baridi ya kitu kilichotoka kisimani.

"Hii bei gani?"

Fundi hakuniangalia usoni. "Toa ulichonacho."

Mwenye akili angekimbia. Mimi nililipa upesi, asije akabadili mawazo.

Huyo dada yangu ni mdogo wangu, tulimwita Chiriku, maana akianza kuongea hata redio inaona aibu. Lakini wiki ile aliniita jikoni, akarudishia mlango, akaongea kwa kunong'ona.

"Kaka, mimi yule mtu namwogopa."

"Mchumba wako?"

"Mikono yake haina joto. Hapepesi macho, wewe mwangalie vizuri. Na akinikaribia sauti hainitoki. Nafungua mdomo, hamna kitu."

"Umemwambia Mama?"

"Anasema ni woga wa harusi. Labda ni kweli, sijui." Alinishika mkono. "Siku hiyo wewe ndiye utakuwa karibu yangu kuliko wote. Ukiniona natikisa kichwa, simamisha. Sema lolote. Sema ukumbi unaungua."

"Nitakutoa," nikamwambia. "Hata kwa kukubeba mgongoni."

Akacheka. Akaniamini.

Sasa, watu wasiojua kazi yetu hudhani mpiga picha anaona harusi yote. Haoni kitu. Anaona kile kilichomo ndani ya kamera. Ukiondoa jicho, pete imeshavishwa, chozi limeshafutwa, na bibi harusi hatakurudia. Kwa hiyo siku ile nilibandika jicho tangu walipoingia, sikulibandua.

Na nilichokiona kilikuwa kizuri, Mungu wangu! Chiriku alikuwa anatabasamu. Kila nilipomtafuta, alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Moyo wangu ukatulia. Kumbe ulikuwa woga tu, nikajisemea.

Kulikuwa na harufu, lakini. Udongo mbichi, kama mtu amechimba shimo karibu. Nikadhani ni maua.

Mfungishaji ndoa akauliza kama amekubali. Akauliza tena. Kwenye kamera niliona dada yangu akiinamisha kichwa taratibu, kwa haya, huku akitabasamu. Nikabofya. Vigelegele vikapasua paa.

Jioni ile ile waliondoka. Safari ndefu, alisema bwana harusi. Hakusema wapi.

Shangazi alinikuta nakunja nyaya.

"Wewe mtoto una roho ngumu," akasema.

"Nimefanya nini?"

"Mwenzio analia, anatikisa kichwa, anakutazama wewe tu. Wewe umeng'ang'ania kamera! Mwenye macho haambiwi tazama."

"Shangazi, alikuwa anacheka."

Alitoa simu yake, akanionyesha picha aliyopiga kutoka viti vya pembeni. Chiriku, mdomo wazi, hauna sauti. Wanja umemchuruzika mpaka kidevuni. Mkono wa bwana harusi ulikuwa umemkamata shingo kwa nyuma, unamwinamisha.

Nikafungua ya kwangu. Dakika ile ile, kuinama kule kule.

Anatabasamu.

"Na nyie mlikaa tu?" nilimfokea.

"Tulisema bibi harusi hulia," akajibu shangazi, akaanza kulia yeye. "Halafu wewe kaka yake ulikuwa pale mbele. Tukasema kama kuna jambo, si angeona?"

Nilipiga simu ya Chiriku. Haipatikani. Nilipiga usiku kucha, haipatikani.

Asubuhi nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua. Aliponiona akaangusha funguo.

"Nani alikuletea lenzi ile?"

"Mteja. Mtu nadhifu, suti nyeusi." Akashusha sauti. "Alisema atakuja kaka wa bibi harusi, nimuuzie kwa chochote atakachokuwa nacho. Alisema hii ni zawadi."

"Lini?"

"Mwanzoni mwa wiki."

Lenzi yangu ilikuwa bado nzima mwanzoni mwa wiki. Nilirudi nyumbani nikaiponda ile nyeusi kwa nyundo mpaka ikawa unga, na unga wake niliumwaga chooni. Nilijiona nimemaliza kazi, mjinga mimi. Mama hakutaka kusikia lolote. Ameitundika picha ile sebuleni, ya kuinama kwa haya, na kila mgeni anaambiwa hajawahi kuona harusi ya furaha kama ile.

Jumapili iliyopita walikuja. Bila taarifa, magharibi, wakati taa hazijawashwa.

Mimi ndiye niliyefungua mlango. Sikuwa na kamera. Nilimtazama dada yangu kwa macho yangu haya mawili, na alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile lile, halipandi wala halishuki. Chiriku, ambaye hamalizi "hodi" bila habari tatu, hakusema neno.

"Tazama alivyonawiri!" Mama akapaza sauti nyuma yangu.

Nikampa mkono. Akaushika.

Uso ulikuwa unacheka. Lakini vidole vilinibana... vikazidi kunibana, mpaka kucha zikazama kwenye nyama ya kiganja changu. Harufu ya udongo ikaniingia puani.

"Chiriku," nikanong'ona, "nikutoe?"

Kichwa kikaitikia taratibu, kikaitikia tena, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua kuitikia kwa kichwa kuna maana gani.

Shemeji akasogea. Akaweka kiganja shingoni mwa dada yangu, kwa upole. Akanitazama bila kupepesa.

Nikafungua mdomo nipige kelele. Hamna kitu.

Vidole vya dada yangu vikaniachia, kimoja kimoja.

"Karibuni ndani, wanangu," akasema Mama kwa furaha, nami nikapisha mlango, wakapita.