Chupa ya Tatu ya Daktari Byabato

Chupa ya tatu ilikuwa na joto kupita kabati lililoitunza. Therese Nyirabageni aliligundua hilo asubuhi moja ya mwaka 1991, alipoitoa kuifuta, akadhani vidole vyake ndivyo vyenye baridi.

Alikuwa na miaka minne katika kituo kidogo cha utafiti wa mifugo pale Isingiro, karibu na mpaka wa Rwanda, akiosha vyombo na kubadilisha maji ya lishe kwenye chupa za Daktari Byabato. Daktari alitoa uboho katika paja la ndama, akazigawa seli shina zake katika chupa tatu, aone lishe gani itazikuza. Ya kwanza aliitia chumvi na sukari tu. Seli zikafa siku ya nne. Ya pili aliiongezea majimaji ya damu ya ng'ombe. Zikakua kwa kusuasua. Ya tatu hakusema ina nini. Humo seli zilistawi zikafunika kitako kizima, kama utando juu ya maziwa.

Ndama mwenyewe alitoka Kibingo. Mwenye boma aliwaonya kwamba huyo ametengwa kwa ajili ya mizimu na hachinjwi. Daktari alicheka tu.

Therese alimwamini Daktari. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda wakafia Kamuli. Ndugu hakuwa naye, na Byabato ndiye aliyemwita dada mbele za watu. Kila Jumatatu alimpima malaria yeye mwenyewe, akivuta damu sindano nzima, ingawa zahanati walimchoma kidoleni tu.

Juma lililofuata kabati likaanza kunuka maziwa mabichi na damu. Kisha, mchana mmoja wenzake walipokwenda kula, Therese akasikia kioo kikikwaruzwa kutoka ndani, taratibu, kama kucha ya mtoto, na alipokaribia mkwaruzo ukanyamaza na mahali pake ikaja sauti nyembamba ikimwita Nyirabageni, jina ambalo tangu mama yake azikwe hakuna aliyemwita kwalo, ikisema kwa Kinyarwanda kwamba ina njaa, ina njaa, mbona leo amechelewa.

"Wewe nani?" alinong'ona.

"Unaninyonyesha, halafu hunijui?"

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa jokofu. Akageuka, akalifungua kutafuta kile ilicholishwa. Humo ndani, nyuma ya dawa za chanjo, alikuta vichupa sita vya majimaji ya damu, ya rangi ya manjano. Kila kimoja kiliandikwa kwa mkono wa Byabato: Therese, na tarehe ya Jumatatu.

Daktari aliporudi alimkuta amevipanga mezani. Akafunga mlango polepole.

"Ilianza kuniita mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Ikataka mtu. Nina mke, nina watoto wanne. Wewe nani angekuulizia?"

Therese aliuliza ni tangu lini. Akajibiwa, tangu Pasaka. Pasaka ile Byabato alimletea kitenge, akala ndizi nyumbani kwake, akamwombea baraka kabla ya chakula.

Hakulia. Alivifungua vichupa kimoja kimoja, akavimwaga kwenye sinki, na Daktari hakuthubutu kumzuia. Kabati likatulia. Kisha sauti ile ikaita tena, safari hii kwa lafudhi safi ya Kinyambo, lugha ya wenyeji wa pale, kwa upole wa mtu anayebisha hodi kwa jirani.

"Adelgunda."

Lilikuwa jina la mke wa Byabato. Daktari akashika ukingo wa meza.

"Dada yangu, wiki hii tu," alisihi. "Nitatafuta njia."

Therese alivua koti la kazi, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Alipopita dirishani aligeuka mara moja tu. Byabato alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kabati, mkono wa shati umekunjwa, akikaza mpira juu ya kiwiko kwa meno. Ndani ya kabati kitu kilikuwa kikicheka, kicheko cha mtoto mchanga anayemwona mama yake akija.