Shali ya Hester

Kijiko kile hakikuwa cha Kemunto. Alikikuta nyumbani kwake, mjini Hopkins huko Amerika, ndani ya mkoba wa kazini, chini ya glavu: kijiko chembamba cha fedha, cha baridi kana kwamba kimelala nje kwenye theluji. Akaguna. Alikijua. Kilikuwa cha kabati la vioo la Bibi Eleanor, ajuza wa Kizungu aliyekuwa akimtunza kule Saint Paul. Akajiambia labda kilidondoka humo alipokuwa akiosha vyombo, na kesho yake akakirudisha kimyakimya. Hilo lilikuwa kosa lake la pili. La kwanza nitawaambia punde.

Kilifuata kishikizo cha lulu. Kisha pete. Jamani, pete nayo hudondoka mkobani?

"Mama Nkirote," mumewe Jotham alimwita, ameishika pete kwa ncha za vidole. "Hii ni nini?"

"Ni ya bibi. Sijui imefikaje."

"Hujui."

"Haki ya Mungu, Jotham, sijui!"

Jotham akamtazama mtoto wao, aliyekuwa sakafuni akihangaika na kiatu. "Makaratasi yetu ya ukaazi bado hayajatoka. Ukipatikana na kesi ya wizi, hawatakufunga tu. Watakupandisha ndege na pingu hadi Nairobi, na huyu nitabaki naye peke yangu." Kisha akashusha sauti. "Niambie tu ukweli. Sitakasirika."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Angetukanwa ingekuwa afadhali.

Haya, kosa la kwanza lilikuwa shali. Kampuni iliyomwajiri ilikataza kabisa kupokea zawadi. Lakini siku moja, akili yake ikiwa imetulia, Bibi Eleanor alifungua sanduku, akatoa shali kuukuu ya sufu na kumnyooshea. Mtoto wa Kisii aliyelelewa akaleleka hamrudishii mkongwe zawadi yake mkononi. Ni kuzikataa baraka zake. Kemunto akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili, akasema kama asemavyo mama yake: "Nimepokea, mimi na nyumba yangu yote."

Ndipo bibi akamsimulia ilikotoka. Ilikuwa ya Hester, bibi wa mababu wa mababu zake, kijakazi wa Uingereza zama za merikebu. Alisingiziwa kuiba kitambaa cha lesi cha bibi aliyemtumikia, akahukumiwa, akafungwa minyororo na kuvushwa bahari hadi Amerika, akauzwa kwa mkulima wa tumbaku. Kwao alikuwa ameacha mtoto anyonyaye. Alizaa wengine huku, akazeeka, lakini wimbo wake ulikuwa mmoja: atarudi kwao siku atakapompata mwizi mwingine wa kuvushwa naye.

Kemunto alisema pole, akaiweka shali kwenye gari. Majini ya kwetu tunayajua, tunajua hata yanachopenda kula. Lakini la Kizungu, tena la mfungwa, nani angeliwazia?

Siku ile ya pete, alipokuwa akiendesha gari kwenda kuirudisha, mchana mweupe na barabara imejaa magari, harufu ya lami na maji ya chumvi ikaanza kupanda kutoka kiti cha nyuma, akadhani ni gari lililo mbele, akafungua dirisha, baridi ikaingia lakini harufu haikutoka, kisha kitu kikaanza kulia chini ya kiti, kre, kre, kama mnyororo unaokokotwa na mtu anayechechemea, naye akaogopa kugeuka, akaogopa kusimama, akatazama tu kile kioo cha juu, akaona shali imeinuka, imeshika umbo la mabega, na mabega yenyewe yanayumba polepole kushoto na kulia, kama mtu aliyeketi chomboni baharini.

"Yesu wangu," alinong'ona.

Simu ikalia. Alikuwa Susan, binti ya bibi. "Uko wapi? Vitu vya mama vinapotea. Fika hapa sasa hivi, la sivyo naita polisi."

Kemunto akampigia kwanza Mama Bernardine, Mkongomani aliyekuwa akiongoza maombi kanisani kwao, akamweleza yote.

"Ulipokea namna gani?" Bernardine aliuliza.

"Kwa mikono miwili. Nikasema mimi na nyumba yangu yote."

"Woo, dada! Ulimukaribisha weye mwenyewe. Utamurudisha vilevile, kwa mikono yote mbili, mbele ya watu. Nakuja."

Walikutana mlangoni kwa Bibi Eleanor, Kemunto ameitia shali kwapani. Hapo barazani Kemunto alikung'uta mkoba, akatoa pete, akahakikisha hamna kingine. Lakini Susan alipounyakua na kuumimina mezani, vilianguka vijiko, mkufu, saa, hereni, vikaanguka na kuanguka, zaidi ya vile ambavyo mkoba ule ungebeba.

Susan akainua simu. Bibi Eleanor alimkodolea Kemunto macho. "Huyu ni nani? Simjui."

"Rudisha!" Bernardine alinong'ona. "Sasa!"

Kemunto akapiga goti, akainua shali kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeopolewa majini. "Hester," alisema, "najua hukuiba. Mimi pia sikuiba. Nina mtoto, kama wewe. Mimi na nyumba yangu yote tunakurudisha kwa watu wako."

Bibi Eleanor akanyoosha mikono yote miwili, akapokea. Mdomo wake ukafunguka, ikatoka sauti ya msichana, yenye kilio: "Sasa nani atanivusha?"

Susan akaangusha simu. "Mama? Nani amesema hivyo?"

Harufu ya chumvi ilikatika. Ajuza akapepesa macho, akamwona Kemunto, akatabasamu. "Mbona unapiga magoti, mpenzi? Hii shali nilikupa mwenyewe."

Polisi hawakuitwa. Susan aliomba radhi, akairudisha shali sandukuni, akalifungia darini.

Kemunto alirudi Hopkins akicheka na kulia. Alimsimulia Jotham yote, na Mama Bernardine akashuhudia neno kwa neno, wakaimba, wakashukuru. Mgeni alipoondoka, Kemunto akaingia chumbani kubadili nguo. Kwenye droo ya mumewe palikuwa na kufuli mpya, bado ina kibandiko cha dukani.

"Baba Nkirote," alisema taratibu, "si jini ametoka?"

"Ametoka, Bwana asifiwe," alijibu Jotham, akautia ufunguo wa droo mfukoni.