Sponji ya Alumini

Saa nne asubuhi. Salgaa.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kuziba pancha. Sitati alichora barabara sakafuni kwa chaki.

"Lori linateremka kutoka kiwandani, Molo. Hapa Sachangwan, Makhanu anakata barabara na pikapu. Dere anasimama. Tunashusha mzigo."

Mzigo ulikuwa vipande ishirini vya alumini iliyojazwa mapovu ikiwa bado uji, ikaganda hivyo hivyo. Vyepesi kama mkate; kiwandani waliviita sponji, na malori yao yalikuwa yamefungwa vya majaribio. Ukiviweka nyuma ya bampa, gari likigonga vinabonyea na kumeza kishindo. Aliye ndani anapona. Kuna tajiri aliyevitaka kabla kiwanda hakijaanza kuviuza. Edinah ndiye aliyeleta habari; alifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda hicho mpaka alipofutwa.

"Na dere?" Edinah akauliza.

Sitati akagusa bastola kiunoni. "Atakuwa ameona sura zetu. Habaki."

"Zii, boss," Makhanu akasema. "Tumfunge kamba tu. Ana watu wake nyumbani."

"Nani anapanga hapa?"

Makhanu akainamisha kichwa.

Saa tano na nusu.

Ujumbe uliingia kwa simu ya Edinah. Ulitoka kwa kaka yake, Obura, dereva mwingine wa kiwanda: *Leo mimi ndio nimepewa lori. Mzee Kipkemei ni mgonjwa.*

Akausoma mara mbili.

"Boss, tuwache. Dere amebadilishwa."

"Dere ni dere," Sitati akasema.

Edinah akatoka mpaka nyuma ya choo, akampigia kaka yake.

"Obura, usitoe hilo lori."

"Nishatoka. Niko barabarani. Kuna nini?"

"Sikia. Pikapu nyeupe ikikukatia barabara, usisimame. Pitia!"

"Nimgonge mtu?"

"Bampa yako si iko na sponji? Ukisimama utauawa. Pitia tu."

Alijua nani angekuwa ndani ya pikapu. Akakata simu.

Aliporudi, Makhanu alikuwa akipangusa kioo cha gari. "Usiogope," akamwambia. "Nitaongea na Sitati tena. Huyo dere hatakufa."

Edinah akaingia garini.

Saa sita na dakika kumi. Sachangwan.

Edinah na Sitati walijibanza mtaroni. Lori likatokea juu ya mteremko. Pikapu ikajitupa katikati ya barabara.

Lori halikupunguza mwendo.

Pikapu ilikunjwa kama bati. Vipande vya sponji vikamwagika lamini, vinang'aa. Kisha harufu ya petroli ikapanda, na akina mama waliouza viazi wakatimua mbio. "Rudini nyuma! Rudini!" Hapo watu wanaijua harufu hiyo; lori la mafuta liliwahi kuwalipukia. Hakuna aliyesogea karibu.

"Twende!" Sitati akafoka.

"Makhanu yuko hai!"

"Kwa dakika ngapi?" Akapiga mbio, akapotelea shambani.

Edinah alikimbilia pikapu. Usukani ulikuwa umemkaa Makhanu kifuani. Damu ilimtoka mdomoni. Akamshika mkono, naye akaushika wake kwa nguvu zote zilizobaki.

"Umebaki," Makhanu akanong'ona.

Mlango wa lori ukafunguka. Obura akateremka bila hata mchubuko.

"Edinah? Uko hapa?" Akatazama pikapu, kisha dada yake. "Ni huyu ulisema nimgonge?"

Makhanu akasikia. Akamtazama Edinah kwa muda mrefu.

Kisha akauachilia mkono wake.