Fungu la Ananie

Jua lilikuwa linazama Bulengera, mtaa wa Butembo, Maliro alipoteremka kwenye pikipiki, kitenge cha shemeji yake kwapani. Ndege ilikuwa imemshusha kwenye uwanja wa Rughenda mchana, kutoka Hong Kong alikokwenda kununua vitambaa. Shughuli yenyewe ndogo tu: ampe Katungu zawadi, amuulize habari za mumewe, aende zake kuoga.

Mume wa Katungu ni Ananie, mdogo wake Maliro. Kabla ya safari, Ananie alikuwa ametuma neno kutoka kijijini Mbau: waasi wanakaribia, Yaya, kaka yangu, tuma gari. Maliro, mwenye malori yake, alijibu: nikirudi, nitatuma. Katungu hakungoja, alitembea kwa miguu hadi Beni, kisha Butembo. Ananie alibaki. Alimwamini kaka yake.

"Ananie alishafika," Katungu alinong'ona mlangoni. Hakutabasamu.

Maliro alitaka kumshukuru Mungu. Kisha harufu ikamfikia... siki. Siki na samaki mbichi.

Butembo, nani anakula samaki mbichi?

Harufu ile aliijua. Mkahawa wa Wajapani, Hong Kong, mvua dirishani. Samaki laini kama siagi, wali wenye siki, chai ya kijani. Alikula, akaongeza, akalamba vidole. Halafu Ananie akamjia moyoni. Akafanya kama walivyofanya kwao tangu utoto: mtoto asipokuwepo, fungu lake la bugali hutengwa, na kijiti husimamishwa katikati ili mwingine asiliguse. Akatenga bakuli la wali, akasimamisha vile vijiti viwili vya kulia chakula. "Hili la Ananie." Akajiona ndugu mwema.

Mama mhudumu aliganda, akanong'ona. Mfanyabiashara mwenzake Maliro, aliyekula naye, akamfasiria: kwao, anayewekewa hivyo ni marehemu. Ving'oe.

Maliro alicheka, akaagiza supu.

"Batu ba Mbau banasema balimuzika pembeni ya barabara," Katungu alisema. "Lakini yeye iko hapa, shemeji. Bugali anakatala. Anataka muchele tu, na vijiti mbili juu yake."

Chumbani giza lilikuwa linaanza kutanda. Ananie aliketi mkekani, uso ukutani, vumbi jekundu nyweleni. Kando yake bakuli, vijiti vimesimama wima.

Alikuwa anatafuna... taratibu... na bakuli halijaguswa.

Maliro alipiga magoti, akanyoosha mkono aving'oe. Katungu akaushika.

"Hapana kutoa. Ukitoa, ataenda. Gari hukutuma. Na hii pia unamunyima?"

Mkono ukaanguka.

"Yaya," Ananie alisema bila kugeuka. Sauti ilikuwa yake kabisa, na hilo ndilo lililotisha. "Nilingojea gari. Ukaniita ku chakula. Nikakuya."

"Unisamehe, mudogo yangu."

"Hapana mambo. Miye pia sikukusahau."

Mkono wenye vumbi ukasukuma bakuli la pili, polepole, hadi kwenye magoti ya Maliro. Wali ulikuwa unafuka moshi.

Katikati, vijiti viwili.

"Ya nani hii?" Maliro aliuliza, ingawa alijua.

Katungu alitazama chini.

"Yako. Alinipikisha asubuhi, kabla ndege yako haijatua," alinong'ona. "Mupaka sasa haijapoa."