Kikombe Kilichooshwa

Jebet hakuwa na simu. Hakuwa na baiskeli, wala viatu vya kubadilisha, wala chumba cha kulala peke yake. Hakuwa na sauti ya kuimba; kwaya ya kanisa ilimweka safu ya nyuma na kumwomba afungue mdomo tu. Hakuwa na mbio pia, na hilo ni kosa kubwa kwa mtoto aliyezaliwa Eldoret, mji ambao wageni huamini kila mtu huamka akikimbia. Zaidi ya hayo yote, hakuwa na subira ya kumaliza alichokianza. Sufuria aliisugua ndani akaacha masizi nje. Kitambaa cha meza alichokuwa akikifuma kilikuwa kimekosa pembe moja tangu mwaka uliopita.

Lakini ulimi alikuwa nao. Rafiki yake Linah alizoea kumtania kwamba miguu yake ililala ndipo mdomo upate nafasi ya kukimbia.

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umeyakalia mabati ya mtaa wa Pioneer, Jebet alichukua maziwa kwa jirani, akapika chai, akammiminia mama yake kabla hajaondoka kwenda sokoni. Mama yake, Hellen, aliuza mahindi na maharagwe. Kisha Jebet alikwenda shuleni, Gredi ya Saba, akiingojea Ijumaa kama wengine wanavyoingoja sikukuu. Ijumaa ilikuwa siku ya Chama cha Wasomaji.

Chama hicho kilianzishwa na Mwalimu Shitanda, aliyekuwa amejaza kabati zima kwa vitabu vya watu wa kila aina. Kulikuwa na hadithi ya msichana mchunga mbuzi wa Turkana, kumbukumbu za mwalimu kiziwi wa Garissa, na maisha ya mvulana wa Kihindi aliyekulia dukani Kisumu. Msomaji alisimama mbele akaeleza kitabu kilimfanya nini moyoni. Wenzake wakivutiwa, waligonga madawati kwa vifundo vya vidole, na kitabu hicho kikagombewa mpaka mlangoni. Mwalimu naye alirekodi sauti ya msomaji kwa simu yake, na mwandishi akipatikana, akamtumia.

"Mwandishi ni kama mpishi asiyeingia chumba cha wageni," Mwalimu alipenda kusema. "Anapika, lakini hajui kama walaji walishiba."

Hakuna aliyegongewa madawati kama Jebet. Siri yake ilikuwa nyepesi. Alisoma sura za mwanzo, akatazama jalada la nyuma, akabuni mwisho. Hadithi huisha vizuri, alijiambia. Aliyepotea hupatikana, na mgonjwa hupona. Hata yule msichana wa Turkana, Jebet alimbunia mwisho, na hakuna aliyemshika. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, ila mwenye kuipita huiona ndefu na laini.

Ndipo akachukua *Kikombe cha Muiruri*. Kilikuwa kitabu chembamba cha mama aitwaye Wacera, aliyezaliwa Burnt Forest. Aliandika kuhusu kaka yake Muiruri, kijana mcheshi aliyepiga mluzi akitoka kukamua, kiasi kwamba nyumba nzima ilijua chai iko karibu. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cha buluu, kilichobanduka rangi mdomoni. Kisha zikaja vurugu za baada ya uchaguzi. Familia ilipokuwa ikikimbia, Muiruri alikumbuka ndama aliyeachwa amefungwa. Akawaambia watangulie, yeye angewafuata.

Jebet aliishia hapo. Alitazama jalada la nyuma, akaona picha ya Wacera ameshika kikombe cha buluu, anatabasamu. Hilo likamtosha. Mtu hawezi kutabasamu hivyo kama ndugu yake hakurudi.

Ijumaa alisimama, na simu ya Mwalimu ikawekwa mezani. Alieleza mluzi, alieleza ndama, alieleza moshi. Kisha akashusha sauti.

"Nililia kwa furaha Muiruri aliporudi," alisema. "Alisimama mlangoni amekonda, ndama yuko nyuma yake. Mama yake hakusema neno. Alichukua kile kikombe akamimina chai, na chai ilikuwa bado moto."

Madawati yaligongwa hadi walimu wa chumba cha pili wakachungulia. Linah alifuta macho kwa mkono wa sweta, akakinyakua kitabu. Alipofika kwao akamwachia dada yake mkubwa akisome kwanza.

Wiki iliyofuata, Mwalimu Shitanda alimwita Jebet katika chumba cha vitabu akafunga mlango. Hakuwa amekasirika. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Jebet hakukijua, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake akageuka asione mtu. Mwalimu alisema kwamba mwandishi amejibu, akaiweka simu katikati yao.

Sauti ya mwanamke ilitoka taratibu. Kwanza alishukuru. Alisema sasa anaishi Nyahururu na mama yake mzee, na kwamba ameisikiliza sauti ya mtoto huyo tena na tena. Kisha ikasikika saa ya ukutani kwake.

"Mtoto wangu," sauti ikaendelea, "kitabu changu hakisemi hivyo. Kaka yangu hakurudi. Hatukupata habari yake, wala kaburi. Nimejiuliza, huyu mtoto anakaa karibu na kwetu kwa zamani. Pengine amesikia jambo. Pengine kuna mzee aliyemwambia. Kama unalo neno, hata dogo, nipe. Mama aliposikia sauti yako alisimama, akakitoa kikombe rafuni. Sasa anakiosha kila asubuhi."

Mwalimu aliuliza kwa upole kama kuna mtu aliyemweleza chochote. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa hajakifikia kitabu hicho. Alikuwa akingoja foleni ya wanafunzi iishe.

Neno la kweli lilikuwa moja tu, nalo hakulisema. "Nitauliza nyumbani," Jebet alijibu.

Ulikuwa uongo mdogo, lakini ulitoka nje ukaenda kukaa na mwenzake mkubwa.

Tangu saa ile kikombe kilimfuata. Alipommiminia mama chai, aliona mikono mingine, ya kizee, ikisugua bati la buluu. Sokoni hamali mmoja alipiga mluzi akibeba gunia, naye Jebet akamwaga maharagwe. Asubuhi moja alikuwa akirudi na maziwa, ukungu umefunga njia, akaona mbele yake umbo la mwanamume mwembamba akimvuta ndama kwa kamba. Alisimama. Moyo ulimwambia, amekuja kuuliza kwa nini umenirudisha. Umbo likakaribia, likawa mfanyakazi wa jirani, akamsalimu, akapita. Jebet alibaki pale hadi kwato za ndama zisisikike tena.

Jumamosi Jebet akimsaidia mama sokoni, Linah alikileta kitabu, dada yake akiwa amekwisha kukisoma. Linah mwenyewe alikuwa hajakifungua.

"Dada yangu anasema tuliyoambiwa sisi si haya," Linah alisema. "Sasa Muiruri alirudi aje, Jebet? Wewe ulikimaliza kweli?"

Jebet alimwambia ampishe, ana kazi. Linah alipokiacha kitabu na kuondoka, Jebet alijibanza nyuma ya magunia akakifungua pale alipoishia. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya soko, na safari hii alisoma kila mstari. Alisoma jinsi walivyolala kanisani wakisikiliza kama mluzi utakuja. Alisoma jinsi yule mama, kila walipohamia, alivyotundika rafu kwanza kabla ya kutandika kitanda, akakiweka kikombe, akakisogeza mbele kidogo ili mwenyewe akija asihangaike kukitafuta. Alisoma pia habari ya ile picha. Mpiga picha alimwomba Wacera atabasamu, naye akatabasamu kwa sababu Muiruri hakupenda watu wanune mbele ya kamera. Mstari wa mwisho wa kitabu ulisema: *Hatukumzika, kwa hiyo hatujui kuacha kumngoja.*

Alipoinua uso, mama yake alikuwa amesimama mbele yake. Mkulima kutoka Moi's Bridge alikuwa ameleta mahindi, na Hellen alikuwa akiyapima kwa namna yake, akizamisha mkono guniani mpaka kwenye kiwiko. Vumbi la mahindi lilikuwa bado mkononi. Aliona machozi, kisha akaona jina la Burnt Forest kwenye jalada, akakaa chini polepole.

Jebet alimweleza yote. Hakubakiza hata lile la msichana wa Turkana.

Mama alikuwa amekulia karibu na huko, lakini Jebet hakuwahi kumsikia akipazungumzia. Watu walipotaja mwaka ule wa vurugu, mama alikumbuka ghafla kazi ya jikoni, akaondoka.

"Tulikuwa na majirani," Hellen alisema mwishowe. "Tuliazimana chumvi, tuliazimana jembe. Asubuhi moja hatukuwa na majirani. Nilikuwa msichana mkubwa, nikaona, na sikumwuliza mtu yeyote wameenda wapi. Huyu Muiruri simjui, mwanangu. Ningemjua ningesema leo."

Akamwonyesha lile gunia. "Umeniona nikitia mkono. Mahindi ya juu ni ya kuuzia macho. Unyevu na kuvu hukaa chini, na anayeshika mdomo wa gunia tu, akamwambia mnunuzi ni kavu mpaka chini, huyo ni mwizi hata kama hakuchukua shilingi. Wewe ulishika mdomo wa gunia. Tena hili si la mahindi. Ndani yake kuna mtu."

Jebet aliuliza kama anaweza kunyamaza tu, ile habari ipoe yenyewe.

"Huko Nyahururu kuna mzee anaosha kikombe," mama alijibu. "Itapoaje?"

Jumatatu Jebet alimsubiri Mwalimu Shitanda langoni na kumwambia kweli yote kabla hajashusha mkoba. Mwalimu alisema kwamba yeye pia ana sehemu yake ya kosa, kwa kuwa alituma sauti bila kukisoma kitabu. Kisha akampigia simu Wacera, akamweleza, akasikiliza kwa muda mrefu kichwa kikiwa kimeinama.

Wacera hakugomba. Alisema alilishuku jambo hilo, ila hakutaka kulishuku. Tatizo lilikuwa mama yake. Binti alikuwa amemwambia kwa miaka mingi kwamba Muiruri hatarudi, na mzee hakusikia. Sasa aliyemwambia karudi ni mtoto mgeni, na ni mtoto huyo tu angeweza kumwondolea neno lile. Alimtaka Jebet amwandikie mzee barua. Sauti mzee aliisikia akaipindua kuwa vile alivyotaka; karatasi angeishika mkononi akisomewa polepole.

Mchana huo Mwalimu aliwakusanya wanachama. Jebet alisimama palepale alipogongewa madawati, akasema mwisho ule aliubuni. Hakuna aliyegonga. Mvulana mmoja alisema kumbe wamekuwa wakilia bure, na wengine wakaguna. Linah hakumtania, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Lakini Jebet hakuketi. Aliwaeleza kitabu chenyewe, rafu, kikombe kilichosogezwa mbele, na mstari wa mwisho, bila kushusha wala kupandisha sauti. Alipokwisha, Linah akanyoosha mkono.

"Nipe nikisome mwenyewe," alisema. "Mpaka chini."

Barua aliiandika jioni mezani kwao, akaichana, akaandika tena. Hii ndiyo iliyobaki:

*Mpendwa Nyanya,*

*Mimi ndiye yule mtoto. Nilisema Muiruri alirudi. Sijamwona, wala sijasikia habari zake kwa mtu. Nilisoma mwanzo wa kitabu nikatunga mwisho, kwa sababu nilitaka wenzangu wanisifu. Sasa nimekisoma chote. Mahali nisipoweza kusahau ni pale unapokisogeza kikombe mbele ili asihangaike kukitafuta. Nikipika chai namkumbuka, ingawa sikumjua. Nisamehe kwa kukufanya ukioshe bure.*

*Jebet*

Asubuhi yake, mama alifungua kibanda kwa kuchelewa ili amsindikize mjini, posta. Walisimama mbele ya meza ya kuandikia, bahasha imekwisha kubandikwa stempu. Hellen aliomba karatasi aisome. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi pale mezani, akaongeza chini kwa mwandiko wake mkubwa: *Mimi ni mama yake. Nilikulia ng'ambo ya kwenu. Tulikuwa na majirani wa kabila lenu na sikuwahi kuuliza waliko. Ninauliza sasa. Poleni.*

Akamrudishia Jebet karatasi.

"Mtu akikupa habari za maisha yake," mama alisema, "amekukabidhi mtoto umbebee. Usimwache njiani kwa sababu umechoka, wala usimvishe nguo zisizo zake ili watu wamsifu. Mbebe mpaka kwao. Nawe ukimsifu mwandishi, msifu kwa kile alichokiandika. Sifa ya uongo ni jiwe kwenye mkate."

Jebet aliikunja karatasi, akaitia ndani, akalamba gundi ya bahasha. Ilikuwa chungu. Aliibana kwa kidole gumba kutoka pembe moja hadi nyingine, bila kuruka mahali. Nje, katika ukungu, mtu alipita akipiga mluzi, wimbo mfupi usio na maneno. Mama na mtoto waligeuka pamoja kutazama, wasimwone.

Jebet akaiingiza barua katika mdomo wa sanduku, akaiachilia.