Mwezi wa Samaki Sita

Kwa muuza vipuri vya umeme, saa sita mchana, hakukuwa na foleni. Kulikuwa na viwiko. Mpimaji alisimama katikati ya viwiko hivyo na gauni lake la kijivu lililonyooshwa pasi hadi kwenye mikunjo, karatasi mkononi. Kazi yake ilikuwa katika maabara ya maji ya mji, kujua kilichomo ndani ya glasi kabla watu hawajainywa, na hata vipuri aliviomba kama anayejaza fomu.

"Vitaa sita vya LED, vya buluu. Na rezista zake."

"Rezista za ngapi?" muuzaji aliuliza bila kuinua kichwa.

Karatasi haikusema.

"Utawashia volti ngapi, dada?" Aliyeuliza alikuwa kando yake, amevaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, bisibisi ikiwa pale wengine wanapoweka kalamu.

"Kumi na mbili."

"Basi unganisha vitatu vitatu. Kila vitatu rezista moja ya omu mia na ishirini. Unafungua disko?"

"Ni vya samaki."

"Samaki wanacheza?"

"Samaki wanashtuka. Nikizima taa kubwa giza linawavamia, wanajigonga kwenye kioo. Nataka wawe na mwezi."

Mwanamume hakucheka. Alikuwa fundi wa lifti, akasema hata watu wake hujigonga taa zikizimika ndani. "Nitakufungia mimi, ukitaka."

"Nina pasi ya kulehemu."

"Umewahi kuishika?"

"Nimesoma maelekezo yake mara mbili."

"Dada yangu," alisema kwa upole, "kwa hilo, andika namba yangu."

Akaiandika. Siku ya tatu akapiga, kuuliza kama vitaa vikae ndani ya maji au juu. Juu, alijibiwa, chini ya kifuniko, vikizibwa kwa gundi ya silikoni. Jibu lilihitaji dakika moja. Simu ilichukua arobaini. Kufikia wiki ya pili alikuwa akiitwa Bibi Vipimo, naye akaacha kukataa. Kufikia ya tatu walishakunywa chai mara nne, na kila mara Fundi alifika na ovaroli imekunjwa kwenye mfuko na shati jeupe mwilini.

Siku ya kufunga taa ndiyo iliyoleta ubishi. Vifaa vilikuwa tayari, lakini Fundi akakataa Jumamosi ya kwanza.

"Kwa nini?"

"Haifai. Ijayo."

"Una kazi?"

"Sina. Ijayo, mpenzi. Niamini."

Mpimaji hakuzoea kuamini kitu kisicho na sababu iliyoandikwa. Hata hivyo alingoja.

Jumamosi ya pili Fundi alifika, akatandaza gazeti mezani na kuinamia kazi. Dada mkubwa wa Mpimaji alikuwa kwenye kochi, amekuja "kupita tu", na alishakaa saa tatu. Fundi alimwonyesha Mpimaji mguu mrefu wa kitaa, kwamba huo ndio chanya, akamwachia alehemu vitatu vya mwisho mwenyewe. Kimoja kilikaa upande. "Hicho kiache," Fundi alisema. "Kila nikikiona nitajua mkono ni wa nani." Kisha akafunga kidude cheusi, kidogo kama mbegu ya papai.

"Na hicho?"

"Hicho ni saa. Kazi yake utaiona."

Jioni, taa kubwa ilipozimika, mwanga wa buluu ulitanda majini na samaki sita wakapita chini yake taratibu, mapezi yao yakitupa vivuli kwenye changarawe. Hakuna aliyejigonga. Mpimaji aliegemeza simu kwenye kioo, programu ya kupima mwanga ikiwa wazi, akaandika daftarini: kumi.

Kesho yake, kumi. Kisha tisa, tisa, nane, saba. Siku ya saba ikawa tano.

Akampigia dada yake, na hilo ndilo kosa lake la kwanza.

"Nilijua," dada alisema. "Mafundi ndio zao, mdogo wangu. Wanauma na kupuliza. Anakufungia kibovu ili kesho umwite tena, anywe chai, akukalie. Na ile ya kukataa Jumamosi? Alikuwa anatafuta vya bei rahisi."

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kazini, Mpimaji asingetoa jibu juu ya kisima kabla sampuli zote hazijatimia. Nyumbani, namba saba zilimtosha.

"Taa zinafifia," alimwambia Fundi kwenye simu.

"Zinafifia vipi?"

"Kutoka kumi hadi tano. Nimeandika. Umenifungia vibovu."

"Unadhani nimekuletea vitu vibovu?"

"Sidhani. Nimepima."

Nyuma ya Fundi, Mpimaji alisikia kamba za lifti zikilalamika mahali fulani.

"Basi usiache kupima," Fundi alisema, akakata.

Aliichukua kama kejeli. Akajikaza kisabuni, akaenda kazini, akarudi. Simu haikulia. Aliendelea kuandika kwa sababu daftari lililoanzwa humalizwa, si kwa sababu alikuwa ameambiwa; ndivyo alivyojieleza. Nne. Mbili. Moja. Siku ya kumi na tano ikawa sufuri. Samaki mmoja alijigonga kwenye kioo, naye akashtuka kuliko samaki.

Siku ya kumi na saba alishika simu akitarajia kuandika sufuri nyingine. Ilisoma moja.

Akaifuta kamera kwa upindo wa gauni, akapima tena. Moja. Akaketi. Kitu kibovu hakijiponyi. Hilo halikuhitaji kitabu. Akazichora namba zake kwenye karatasi ya miraba, nukta kwa nukta, na zikateremka kwa mteremko laini usio wa ubovu wowote aliowahi kuuona. Aliinua kichwa kupumzisha macho. Dirishani, juu ya matangi ya maji ya paa za jirani, mwezi mwembamba kama ukucha uliokatwa ulikuwa umeandama.

Akahesabu siku nyuma hadi ile Jumamosi, kisha akazisoma kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi mpevu: saa ya Fundi ilikuwa ikiufuata mwezi wa angani. Jumamosi ile aliyoikataa ilikuwa mapema mno kwa wiki nzima.

"Nimekosea," alisema, simu ilipopokewa.

"Kwa kiasi gani?"

"Nusu mwezi."

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. "Nilitaka uone mwenyewe. Halafu uliponiambia vibovu, roho iliniuma. Nikasema, huyu haamini mdomo, ataamini daftari lake."

"Ungeniambia tu."

"Ungeniuliza tu kwa nini zinafifia."

"Siku ya kumi na tano samaki mmoja alijigonga."

"Hilo sikulifikiria," alikiri. "Usiku usio na mwezi tutamwachia mwanga kidogo. Nitakuja kurekebisha. Lakini nitakuja siku ya thelathini."

"Kwa nini thelathini?"

"Unaona sasa? Umeuliza."



Siku ya thelathini alifika na shati jeupe, bila mfuko wa ovaroli. Dada hakualikwa. Tangi lilikuwa limejaa mwanga, kitaa kile kilichokaa upande kikimulika kona yake peke yake.

"Siku ile dukani," Fundi alisema, "nilitaka kukuuliza jambo. Nikaona mtu wa vipimo haulizwi bila ushahidi. Ndipo nikafunga mwezi. Nikasema, ukitimia mara ya pili nitakuuliza. Nioe mimi, Bibi Vipimo. Au niseme, nikuoe. Au utataka muda upime?"

Mpimaji aliegemeza simu kwenye kioo, akasoma, akaandika. Kisha akamgeuzia daftari. Kando ya kumi ya usiku huo, kwenye safu ya maelezo iliyokuwa tupu mwezi mzima, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: *Nimeshapima. Ndiyo.*